Mstari Katikati ya Wali

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo nimeona maajabu jikoni kwangu mwenyewe!

Kuna mgeni wa Kijapani hapa lojini, Bi Keiko, mama wa makamo, kazi yake kupiga picha za ndege huko hifadhini. Kila alfajiri namfungia lanchi boksi kama wageni wote: paja la kuku, yai, ndizi, juisi, kipande cha keki. Miaka minne nafunga hivyo hivyo. Nyani wa Mikumi wanalijua lile boksi kuliko meneja.

Leo kaja jikoni saa kumi na moja, akainama — kaniinamia mimi, Selestina mpishi! — akaomba kona ya meza afunge chakula chake mwenyewe. Ana kikasha chekundu, kidogo, unaweza kudhani cha sabuni. Anakiita bento. Wali huku, maharage kule. Mchicha kaukamua maji akaukata vifungu vidogo. Yai kalikunja kama mkeka. Karoti kazichonga maua. Maua! Hakuna nafasi tupu, na hakuna kinachomwagikia mwenzake. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka uji ukaungua.

Nikamuwaza mtu mmoja tu. Baba.

Jumatano, 9 Julai

Baba hajala tena. Ugali umerudi na ngozi juu.

Huyu ni baba mkwe wangu, Mzee Cosmas, fundi wa reli mstaafu wa Kilosa. Tulimleta hapa Mikumi baada ya arobaini ya Mama, mkewe. Tangu hapo ni “nimeshiba, mwanangu” asubuhi, mchana, jioni. Kashiba nini? Hewa? Zahanati wamempima: kilo arobaini na saba. Mwezi uliopita hamsini na moja. Nesi kasema ugonjwa hauoni, mzee anatakiwa kula tu, na kilo zikishuka tena tumpeleke Morogoro akalazwe. Naogopa. Watu wa umri wake wakilazwa kwa kutokula, wangapi hurudi?

Elia, mume wangu, yuko Ruhembe kwenye miwa, huja mwisho wa mwezi. Nyumbani tuko wawili, na mimi ni mkwe. Napeleka chakula, napiga goti mlangoni, natoka. Wiki ya harusi Mama alinikalisha akaniambia: mbele ya baba mkwe hutafuni. Miaka sita sasa sijatafuna hata karanga mbele yake.

Ijumaa, 11 Julai

Aibu! Aibu tupu!

Nilinunua kontena jipya, nikapika wali wa nazi alfajiri, nikaufunga moto moto, kifuniko kikabana barabara. Nikawa najisifu kwamba mchana ataukuta na joto lake. Niliporudi saa kumi, kifuniko kinatiririka jasho na wali umechacha, harufu mpaka ukumbini. Baba alikuwa amefunika tu, akaweka kando kwa adabu. Adabu yake iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nimempigia Elia nikamweleza. Akacheka mpaka nikakata simu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemsimulia Bi Keiko, maneno kidogo, mikono mingi. Kacheka kwa kuziba mdomo. Kisha akachukua kile kipande cha boksi ninachopepelea mkaa, akaanza kuupepea wali! Kwanza upoe, ndiyo ufungwe. Maskini mimi. Kwetu kumpa mtu chakula kilichopoa ni kama kumwambia aende zake. Kumbe kwao kupoza ndiyo heshima yenyewe, maana unamfikiria mlaji mpaka saa atakayofungua.

Basi nami nikapepea. Wali mkavu, bila nazi. Boga. Dagaa wa kukaanga. Mchicha nimeukamua kwa nguvu zangu zote. Yai la kuchemsha, na karoti — maua yangu mawili yanafanana na gurudumu la baiskeli lakini ni maua. Kuta za kutenga vyakula nimeweka jani la mgomba lililopitishwa motoni. Bi Keiko alipoliona jani akashika kifua. Akalipiga picha! Yeye na kamera yake ya ndege, leo kapiga picha jani langu la mgomba. Sijui nani alimshangaa mwenzake zaidi.

Nikalituma nyumbani kwa bodaboda. Na Baba — nusu! Kala nusu! Nilicheza peke yangu jikoni. Iliyobaki nikawarushia kuku.

Jumatatu, 14 Julai

Nusu tena. Mungu ni mwema. Kuku nao wananenepa.

Jumanne, 15 Julai

Sijui niandikeje hili.

Leo kabla ya kumwaga nimeangalia vizuri. Yai limekatwa katikati. Maua ya karoti yalikuwa mawili, limebaki moja. Dagaa niliweka wanane, wamebaki wanne. Wanne! Boga nusu. Na wali una mstari katikati, umenyooka kama reli, kulia peupe, kushoto punje haijaguswa. Mtu aliyeshiba hali hivyo. Huyu amegawa.

Nimempigia Elia. Akasema Baba na Mama walikula sahani moja miaka yote, na kabla ya tonge la kwanza Baba alikuwa anachora mstari kwenye wali kwa kijiko, asije akala cha mwenzake kwa njaa ya kazini. Kushoto kwa Mama.

Kushoto kwa Mama. Na mimi nimekuwa nikimpa nani? Kuku.

Nimelia. Na nilipomaliza kulia nikabaki nimelitazama tu lile kontena. Mtu na njaa yake, kilo arobaini na saba, na bado anamwekea mwenzake!

Alhamisi, 17 Julai

Sikuweza kuwapa kuku. Jana na leo nimekula mwenyewe sehemu ya Mama, jikoni, nimesimama, mlango nimefunga. Polepole, bila kuacha hata punje. Nikamwomba radhi.

Jioni Baba kauliza kutoka barazani, eti kuku siku hizi hawapewi? Nikasema hawapewi, baba. Akasema: “Afadhali.”

Bi Keiko kaondoka leo. Kaniinamia, nami nikamwinamia, tukagongana vichwa. Tumecheka na machozi yakatutoka.

Ijumaa, 18 Julai

Arobaini na nane na nusu! Nesi kapima mara mbili. Kauliza nampa dawa gani. Nikasema wali uliopoa. Kaniona sina akili.

Jumapili, 20 Julai, saa saba mchana

Naandika nikiwa jikoni.

Leo sina zamu. Nimempelekea Baba kontena mwenyewe, shikamoo, marahaba, nikatoka. Punde akaita. Nikapiga goti mlangoni kama kawaida. Kontena liko wazi, hajala. Ameshachora mstari. Amekaa upande wa kulia wa mkeka, na kushoto amepangusa. Vijiko viwili! Cha pili kaenda kukichukua mwenyewe kabatini, na ile miguu yake dhaifu.

Akasema amenisikia jikoni, na sehemu ile ya Mama si ya kuliwa kwa kujificha. Nikamwambia, baba, mimi ni mkwe, Mama alinikataza. Akasema anajua, alimsikia akinifundisha. Lakini huyo huyo Mama hakuwahi kukubali mtu ale peke yake nyumbani kwake.

“Basi mimi sianzi, mwanangu,” akasema. “Nimeshachoka kula nusu.”

Nikakimbilia huku. Elia hapokei simu. Natega sikio, kijiko hakijagonga kontena hata mara moja. Ataacha kweli, namjua. Kesho kutwa atarudi kwenye “nimeshiba”, na mwezi ujao mizani ya nesi.

Nimenawa mikono mara mbili. Mama, ulinifundisha jambo moja na mumeo ananiambia jingine, na nyote wawili nawaheshimu. Nitakaa nikiwa nimeinamisha macho. Nitatafuna polepole, mdomo umefungwa.

Anakohoa. Nanawa mara ya tatu. Wali ulishapoa tangu alfajiri. Anayesubiriwa ni mimi tu.