Dawa Niliyomuahidi Neema

Yaya Salome, mukubwa wangu mupenzi,

Nakusalimia sana, weye na wote wa kwetu Makobola. Mugongo wa mama unaendelea namna gani? Na mudogo wetu Neema, iko anakula? Minye mwili ni muzima, lakini roho imechoka, na leo nitakuambia sababu.

Unajua kazi yangu ya hapa laboratware. Wananiletea vipande vya ubongo wa makako, wale kima, waliokufa, vyembamba kuliko karatasi, navitia rangi, naviangalia kwa mikroskope. Kumbe seli zingine za ubongo zimezungukwa kwa inje na kitu kama wavu. Dokta, mukubwa wetu, alisema ule wavu unashikilia mambo tuliyojifunza, hata woga. Kwa panya waliuyeyusha, na woga ukafutika.

Minye nikasikia hayo tu. Siku ileile nikawapigia simu: dawa iko, Neema atasahau namna muto ulivyomunyanganya mutoto wake. Ndiyo maana mukaacha kumupeleka kwa yule mama wa hospitali anayesikilizaga wafiwa. Mulikuwa munaningojea minye.

Wiki iliyopita nikajikaza, nikamuuliza Dokta.

"Iko mudogo wangu," nikasema. "Hata dawa kidogo tu, nimutumie."

Akaweka kalamu chini. "Kwa muntu dawa hiyo haiko. Na wale panya, wavu uliyeyushwa kabla woga haujaingia, ndiyo maana ulifutika kirahisi. Ukishaingia, haisaidii tena."

"Na kama tungejaribu?"

"Ule wavu unachunga seli pia. Na hatuwezi kuchagua nini kitoke, nini kibaki."

Nikaenda kwenye chumba cha kubadilisha nguo, nikalia mpaka wenzangu wote wakarudi kwao.

Yaya, kuna jambo nilikuficha. Siku ile Neema aliomba simu, akaniuliza polepole: "Wakifuta yale maji, mutoto nitabaki namukumbuka?" Nikamujibu ndiyo, bila kujua kitu. Akacheka kidogo. Tangu kilio cha mutoto wake, sikuwa nimesikia kicheko chake. Sasa nimunyanganye hata hicho?

Mumurudishe kwa yule mama wa hospitali kesho, musiningojee. Unisalimie mama, baba mudogo Mateso muvuvi, na shemeji yetu wa Bwegera, mulimaji wa mupunga. Neema usimupe salamu zangu. Jumapili kisha misa nitamupigia minye mwenyewe, nimwambie nilimudanganya. Akikataa kupokea simu, usimulazimishe.

Mudogo wako anayekuomba musamaha,
Furaha