Waya Uliokatwa kwa Wembe

Nyakatuntu, Alhamisi

Kaka Anastazi, shikamoo.

Sisi wazima, na migomba imepata mvua. Ila shemeji yako Mugisha amekuwa akilala nje, akisema pikipiki inamzimikia njiani. Nilidhani ana mwanamke.

Jana alipokwenda shambani nilipima betri kwa mita kama ulivyonifundisha. Niliwasha injini nikavuta mafuta, mita haikupanda hata kidogo, nikajua chaji haifiki. Nikafuata waya unaoingia kwenye rektifaya, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye betri, nikakuta umekatwa kwa wembe.

Nilimwonyesha. Akakaa chini.

“Nimeukata mwenyewe,” alisema. “Kuna watu wananilazimisha kuvusha kahawa ya magendo. Nikikataa wataniumiza. Pikipiki mbovu hawana kazi nayo.”

Nikamwambia waya uliokatwa fundi yeyote atauona. Nikauunga vizuri, kisha nikafungua ubavu wa injini na kuiharibu koili ya chaji inayozalisha umeme, ionekane imeungua yenyewe.

Leo wamekuja na fundi wao. Alipima, akasema koili imekufa. Wakaondoka, ila mmoja alizitazama sana kucha zangu zenye oili.

Jumamosi tunahamia kwa mama kule Nyakakika. Akikupigia mtu usiyemjua, sema hujui tulipo.

Mdogo wako,
Celestina