Bima Kubwa ya Chacha

Jumatatu, 6 Mei

Nimetoa meza yangu ya bima kama kawaida, nje ya saluni ya jirani hapa Tandika. Mwavuli, kiti cha plastiki cha mteja, kalamu mbili. Wamekuja bodaboda wawili, wote wanataka ile bima ndogo ya kumwonyesha trafiki. Bima kubwa, inayotengeneza chombo chako kikiharibika, hawataki hata kuisikia.

Ng'ambo ya barabara ni kijiwe cha bajaji. Mwenyekiti wao mume wangu, Hamisi. Mwenzao akipata ajali wanachangishana, basi wanaona inatosha. Kijiwe kizima ni Chacha tu aliyekata bima kubwa kwangu. Hamisi mwenyewe kagoma. Nikimuuliza sababu, anacheka. Inaniuma, sisemi uongo.

Jumanne, 7 Mei

Chacha kapata ajali! Huko Vingunguti mbuzi katoroka machinjioni, Chacha kamkwepa, bajaji ikaingia mtaroni. Chacha mzima. Mbuzi mzima. Bajaji nyang'anyang'a. Wameiburuta mpaka kijiweni, giza limeshaingia.

Nimefurahi, Mungu anisamehe. Ndiyo ajali ya kwanza ya mteja wangu. Kampuni ikilipa, kijiwe chote watanifuata. Isipolipa nitaitwa tapeli, nifunge meza nikauze vitumbua. Mkaguzi wa kampuni anakuja keshokutwa. Kesho naenda Pugu kumwona mama, anaumwa. Picha nitapiga nikirudi. Nimemwambia Hamisi aniangalizie bajaji.

Jumatano, 8 Mei

Nicheke au nilie? Nimerudi Pugu, nakuta bajaji inang'aa! Bodi imenyooshwa, kioo kipya, rangi mbichi. Kijiwe kizima hakikubeba abiria leo. Hamisi ana rangi mpaka kwenye nyusi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimekupunguzia mzigo, Mama Amina."

Mzigo gani! Huyo mkaguzi atakagua nini? Nimemfokea mbele ya wenzake. Kanywea, kaniuliza taratibu: "Kwani si wewe ndo ungelipa?"

Kumbe siku zote hizi alidhani mtu akipata ajali hela inatoka kwangu, kwenye hii meza. Ndiyo maana alikuwa hakati. Alikuwa ananionea huruma! Jamani, mume gani huyu. Nampenda, na leo ningeweza kumkaba.

Alhamisi, 9 Mei

Nilipoamka Hamisi hayupo. Kawaamsha wenzake wakatafute vyuma vibovu vya ile bajaji, maana walishagawana. Fremu ya kioo ilishakuwa mlango wa banda la kuku. Turubai lililochanika limefunika kuni za mama ntilie. Digadi moja, la kukinga tope la tairi, bata wananywea maji. Vyote vimerudi. Wamevipanga chini pembeni ya bajaji, kila kimoja usawa wa mahali pake, na risiti za vipya juu yake.

Mkaguzi ni binti mdogo, ana miwani. Kaamkia, kisha kaduwaa. Kazunguka, kachuchumaa, kapiga picha chuma kimoja kimoja. Halafu kauliza nani karuhusu bajaji iguswe. Hamisi kanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mie. Mwenye bajaji hana kosa. Na mke wangu hana kosa."

Binti kasema atapeleka ripoti, haahidi kitu. Sijala tangu asubuhi.

Jumatatu, 13 Mei

Kampuni bado haijajibu. Chacha ananipitia bila kuuliza, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi. Hamisi kanipikia uji. Una mabonge. Nimeumaliza.

Jumatano, 22 Mei

Kampuni imelipa. Vipuri vyote. Ufundi hawakulipa, maana haukuwa na risiti, kijiwe walifanya bure. Chacha kawanunulia kijiwe kizima supu. Mchana nimeandikia bima kubwa watu wanne, mkono unauma.

Jioni nikikunja mwavuli, Hamisi kavuka barabara. Kavaa shati la Idi. Kakaa kwenye kiti cha mteja, mikono magotini.

"Habari za kazi, sista. Nimesikia hapa mnakatia watu bima kubwa."

Nimefungua tena mwavuli. Nimemuuliza jina. Kalitaja lote, mpaka la babu yake. Nimeliandika polepole, asiondoke haraka.