Fundi ni Mimi

Mwenzangu, uko wapi? Nimekaa kwenye ngazi za ofisi yetu ya zamani, nina hasira!

Nimeitwa huku kutengeneza umeme. Nani kanifungulia mlango? Meneja! Yule yule aliyenipunguza kazini baada ya miaka kumi na nane ya ukarani.

Kanitazama kuanzia buti mpaka kofia, akauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Fundi ni mimi."

Akacheka! Mbele ya wafanyakazi wote! "Dada, kumbe maisha yamekufikisha huku?"

Yamekufikisha huku! Mwaka mzima nimekaa darasani nikisomea umeme na watoto wa rika la mwanangu, wananiita bibi, halafu huyu anicheke?

Na kinachoniuma zaidi, mdomo wangu ulijibu wenyewe, "Samahani, bosi." Samahani ya nini?!

Basi nikafungua soketi. Nyaya zimeungua, kidogo tu ziteketeze jengo zima. Yeye kasimama nyuma yangu: "Una hakika unajua unachofanya?" Mara tatu!

Ya tatu nikageuka. "Sogea, unanizibia mwanga."

Akasogea!

Nilipomaliza nikamwambia awashe umeme mwenyewe. Akaogopa kugusa swichi.

Nikawasha mimi.