Mawese ya Mjomba Lazaro

Bujumbura, Musaga
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na ule mchikichi ulioinamia jiko, mmeukata au bado mnabishana? Mimi mwili ni mzima, nakula. Moyo ndio hauna raha, na sababu nitakueleza. Veronika dada yangu, wewe unayemsomea Mama, msomee mkiwa wawili tu, wala usiruke neno.

Mama, unajua kazi yangu hapa ni kupima mawese kwenye labo ya kiwanda kabla hayajapokelewa. Yaliyo mazuri huenda kusafishwa yawe ya kupikia, yaliyoharibika huenda kwenye sabuni. Mafuta yakizeeka, au yakitoka kwa chikichi zilizolala chini siku nyingi, huzaa asidi, ule ukali unaokwaruza koo. Wewe ungeonja tu ukajua. Sisi tunayachanganya na spiriti ya moto, tunatia matone ya dawa, halafu tunadondosha maji ya potasi kutoka kwenye mrija wa kioo, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke kuwa ya waridi. Hapo unafunga mrija na kusoma. Potasi ikienda nyingi, mafuta ni mabaya. Ikienda kidogo, ni mazuri. Ungesema ni kazi ya kitoto.

Basi mimi hiyo rangi ya waridi siioni. Ndiyo, Mama. Mwanao uliyejivunia kanisani kwa sababu anavaa koti jeupe haoni. Wenzangu wanaona waridi, mimi naona mafuta yaleyale, mpaka potasi izidi sana ndipo napata kama kivuli. Nililijua siku ya kwanza nikanyamaza. Waliokalia kiti kile kabla yangu walikuwa Wazungu, nikajiapia kwamba sitakuwa mimi wa kukirudisha.

Miaka miwili niliponea kwa Esperansi, mama anayeosha vyombo vya kioo. Aligundua mapema, wala hakuniuliza kitu. Rangi ikifika, aligonga beseni lake mara moja, nami nafunga mrija. Hatukuwahi kulizungumza. Mwezi uliopita alikwenda kujifungua, nikabaki na macho yangu.

Ghafla mafuta ya kila mtu yakawa mabaya. Chef wetu, Bwana Tarsisi, mkuu wa labo, alisema ni mvua, chikichi zinachelewa kufika jikoni. Nikaitikia. Mama, niliitikia huku najua.

Alhamisi akaja Mama Odeta wa Rumonge, mjane, na mapipa matatu. Nikapima, nikaandika: sabuni. Alipoambiwa hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni pa labo na kijiko cha mafuta yake, akaninyooshea.

"Onja, mutoto yangu. Kama iko mubaya, mi narudi Rumonge, sisemi neno."

Nikaonja. Yalikuwa matamu kama yako ya Krismasi. Ulimi huu umelelewa jikoni kwako, haudanganyiki. Lakini nilimwambia karatasi imeshaandikwa. Akanitazama, akapangusa kijiko kwa kitenge chake, akaondoka.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikaenda kwa chef nikamwambia yote kuhusu macho yangu. Tulipofika uani, mapipa mawili yalikuwa yameshamwagwa kwenye soda kali ya kutengenezea sabuni, na kitu kikishaanza kuwa sabuni hakirudi tena kuwa mafuta. La tatu chef alilipima mwenyewe. Alifunga mrija mapema sana, pale ambapo mimi ningeendelea. Yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyopokea wiki ile.

"Tangu lini hauoni?" akaniuliza.

"Tangu kuzaliwa, chef."

"Na hii miaka mbili, nani alikuwa anakuonea?"

"Apana mutu, chef. Nilikuwa nakisia."

Hapo nilidanganya. Esperansi ana mtoto mchanga, Mungu anisamehe hilo moja. Chef hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema alikosoma Ulaya aliwakuta wanaume wengi wa namna hii, wasiotambua wekundu. Mtu huzaliwa na hali hiyo, na mara nyingi huitoa upande wa mama, utakuta ndugu wa kiume wa mama naye anayo. Kisha akachukua koti langu. Tangu Ijumaa nasukuma mapipa stoo mpaka wakubwa waamue, na nadhani watanifukuza. Jana nilikwenda Rumonge kumwomba Mama Odeta radhi. Alinipa kiti na maji ya kunywa. Msamaha hakunipa, nami simlaumu.

Ndugu wa kiume wa mama. Neno hilo limeninyima usingizi kuliko hata kazi. Unakumbuka Mjomba Lazaro alivyokuwa akishusha mikungu mibichi, Babu anampiga? Baadaye akaacha kupanda kabisa, akawa anangoja chikichi zianguke zenyewe aziokote. Tukamwita mvivu. Na kwa kuwa chikichi za kuokota hutoa mafuta makali, kwetu chochote kinachokwaruza koo, hata uji, tunakiita mawese ya Lazaro. Nami nimelisema hilo mbele yake, akacheka pamoja nasi. Babu akamnyima shamba la michikichi akakupa wewe, akisema shamba si la mtu wa kulala.

Hakuwa amelala, Mama. Wekundu wa chikichi zilizoiva hakuuona katikati ya majani, kama mimi. Kuanguka ndiyo alama pekee aliyoweza kuiona.

Wakinifukuza sina pa kurudi ila shamba hilo, na sitalikanyaga kabla hujakwenda kwake. Nenda, Mama, hata goti likiuma. Mwambie haukuwa uvivu. Mwambie Babu alikosea, na sisi wote tulikosea nyuma yake.

Nisalimie shemeji, mume wa Veronika. Nisalimie katekista aliyenifundisha kusoma, na jirani yetu bibi muuza mihogo. Mjomba usimpe salamu zangu. Nitampelekea mwenyewe, baada ya wewe kumpelekea zako.

Ni mimi mwanao,
Deo