Bomba Nililolihesabu Kama Karatasi Bapa

Baba, shikamoo.

Ile alasiri ya Bongwe haijanitoka. Ulikuwa umemaliza kukunja bati liwe bomba la kuteremshia maji ya mvua, ukaniuliza mbele ya wenzangu wa chuo niliokuja nao ninasomea nini hasa chuoni. Nikakueleza kwamba ipo karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ikikunjwa huwa bomba jembamba kuliko unywele mara elfu nyingi, nami hukokotoa jinsi elektroni zinavyopita humo.

Ulifikiri, kisha ukasema, “Na ikishakunjwa, hubaki ile ile? Mimi bati nikilipinda, nje huvutika, ndani hubanwa.”

Nikakujibu kwa mkato kwamba haya si mabati. Ukainamia nyundo yako. Mwezi haukwisha, presha ikakuchukua.

Siku mbili kabla ya kuitetea tasnifu, nililinganisha hesabu zangu na vipimo vya maabara nyingine. Bomba nililosema linapitisha umeme bila kizuizi lilikuwa na pengo dogo la nishati, ambalo elektroni haivuki bila kusukumwa. Kumbe ilikuwa semikondakta, kipitisha umeme nusunusu, nami nikaiita waya! Nilikuwa nimelihesabu bomba kana kwamba bado ni karatasi bapa, mpindo sikuutia.

Mwenzangu wa maabara alinishauri ninyamaze, watahini wasingefika ukurasa ule. Nusura nimsikilize. Ufadhili ulikuwa unakwisha, na mama alishawaambia majirani kwamba narudi na shahada.

Nilisimama mbele ya watahini, nikasema kabla sijaulizwa, “Sura ya nne ina kosa.”

Mwenyekiti akauliza nililigundua vipi. Nikamwambia kwamba baba yangu, fundi bati, alinionya, nami sikumsikiliza. Hakuna aliyecheka. Wakanirudisha nikaianze sura upya.

Niliirudia huku nikifundisha hisabati shule moja ya Kwale. Mpindo ndio uliofungua pengo lile. Nilipolivuta bomba kwa urefu katika hesabu, pengo lilipanuka kwa mabomba mengine na kufinyika kwa mengine, kulingana na yalivyokunjwa. Wiki iliyopita wamenipitisha.

Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikwenda kaburini Ijumaa, nikakusomea Fatiha, na lililobaki nikashindwa kulitamka. Siku ile ya Bongwe si kwamba nilikosa jibu, baba. Nilikuonea haya mbele ya wenzangu, nawe uliliona hilo usoni mwangu.

Nakuomba radhi.

Kitinda mimba wako