Mkono Wangu Si Mchezo wa Wageni

Jumatatu, 7 Septemba 1992
Leo tena mashine. Daktari wa viungo kanibandika vibandiko viwili mkononi, kawasha. Umeme unauma kama siafu. Vidole vya kulia vikajikunja. Akizima, vinalala. Anasema nikunje pamoja na umeme, nisiuachie peke yake. Nimejaribu. Wapi.

Mkono umekufa tangu siku wanamgambo walipochukua mashua yetu kisiwani kwetu Chovae, kabla hatujakimbia vita. Mwenye bunduki alinipiga kitako shingoni. Miguu nayo ilikufa, ila ilirudi. Naandika kwa kushoto. Kula kwa kushoto siwezi, sinia ni moja, wanaume wanatazama. Hapa kambini Mombasa mama ananilisha nyuma ya hema kama mtoto. Naona haya mpaka nakichukia chakula.

Alhamisi, 10 Septemba
Vibandiko vimekataa kushika. Mama alinikanda mafuta ya papa alfajiri. Kwetu kiungo kikilegea ndiyo dawa, na mashua tunapaka hayo hayo. Daktari kaziba pua mbele ya wagonjwa. "Hutaki kupona wewe. Unanuka kama diko la samaki." Wakacheka. Mbona hakusema mapema ngozi iwe kavu?

Mama kasema, "Mchu hukandwa kwa mafuta, hakandwi kwa umeme." Mchu ndiye mtu, kwa lugha ya kwetu. Nimemkatalia. Sijawahi. Atakanda jioni, asubuhi naosha kwa sabuni.

Jumatatu, 28 Septemba
Wageni na kamera. Nimepewa kikombe cha chai. Umeme ukawashwa, nikakishika, wakapiga makofi. Ukazimwa, kikaanguka. Daktari kawaambia nimepona. Muongo! Nimepona nini? Wao wameondoka na picha. Mimi na paja lililoungua.

Alhamisi, 15 Oktoba
Wageni wengine. Kikombe kile kile. Nimetikisa kichwa.
"Umeanza kiburi, bwana mdogo?" daktari kauliza.
Nikamwambia, "Zima kwanza."
Kazima. Nikakunja mwenyewe. Gumba na kidole cha shahada vikagusana. Makofi hakuna, hawakujua wameona nini. Daktari alijua. Kaweka kikombe chini.
Hasira bado ninayo.

Ijumaa, 23 Oktoba
Baada ya sala nimekaa kwenye sinia. Ami, ndugu yake baba, kasogea kunipisha. Nikamega kwa kulia, wali mwingi ukaanguka. Ami kamega samaki, kamsukuma upande wangu.
Mama alikuwa mlangoni mwa hema na sahani yangu. Kakaa, kaila mwenyewe.